Elektroni Iliyozingirwa: Sodiamu Katika Amonia na Kazi ya Kuunda Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Olenguruone, pembezoni mwa Msitu wa Mau katika Kaunti ya Nakuru, amonia hujulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa kitabu. Mtoto aamkaye alfajiri kwenda kukama huipata harufu yake kali zizini, mahali ambapo mkojo wa ng'ombe umelala usiku kucha. Mkulima wa viazi huinunua bila ya kuitaja jina, ndani ya magunia ya mbolea ya DAP na CAN, ambamo imefungwa katika umbo la chumvi. Mwanafunzi naye hukutana nayo rasmi katika Kidato cha Tatu, kwenye mada ya nitrojeni, pale mwalimu anapofanya jaribio la chemchemi: maji yenye litimasi nyekundu hupanda mrijani kwa kasi, huingia katika chupa iliyojaa gesi ya amonia, na papo hapo hugeuka buluu.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari ya eneo hilo, mwanafunzi mmoja wa kidato hicho alinijia wakati wa mapumziko na swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu," aliniuliza, "tumefundishwa kwamba elektroni hukaa ndani ya atomi. Lakini nimesoma mahali kwamba sodiamu ikitiwa katika amonia iliyo kiowevu, elektroni hutoka nje ikakaa humo, na rangi yake huonekana. Elektroni hiyo inaitwaje kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Ningaliweza kulitohoa jina la Kiingereza, nikaliongeza irabu mwishoni, na mambo yakaisha. Lakini swali la mwanafunzi yule lilikuwa na maswali mawili ndani yake: kitu hiki ni nini, na kinaitwaje. La pili haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza. Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili kwa utaratibu huo. Hoja yake ni kwamba istilahi ya kisayansi haitungwi kwa kulinganisha kamusi mbili tu. Hutungwa kwa kuitazama tabia ya kitu chenyewe, kisha kuiuliza lugha ni mzizi gani ulionao ambao tayari unaibeba tabia hiyo.

2.0 Sodiamu Katika Amonia

Bonde la Ufa halina uhaba wa sodiamu. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, pamoja na chumvi zinazoyafanya maji ya Ziwa Nakuru na Ziwa Elementeita yasinyweke, yamejaa elementi hiyo. Hata hivyo, sodiamu ya magadi si metali. Ni ioni, yaani atomi iliyokwisha kupoteza elektroni moja, nayo hairudishiwi elektroni hiyo kwa urahisi. Atomi kamili ya sodiamu ina elektroni 11. Kumi kati ya hizo zimeshikwa imara karibu na kiini. Ya kumi na moja iko nje, imeshikwa kwa ulegevu. Metali ya sodiamu, ambayo Humphry Davy aliitenga huko London mwaka 1807 kwa kutumia mkondo wa umeme, ni mkusanyiko wa atomi ambazo elektroni zao za nje bado zimo. Elektroni hizo si za atomi moja moja. Huzunguka miongoni mwa atomi zote kama mali ya ukoo mzima. Ndizo zinazoifanya metali ing'ae na kupitisha umeme.

Sodiamu ikitiwa katika maji, elektroni ya nje hunyakuliwa mara moja. Gesi ya haidrojeni hutoka, joto hupanda, na mara nyingine moto huwaka. Amonia haina pupa hiyo. Katika halijoto ya kawaida amonia ni gesi, lakini ikipozwa hadi chini ya nyuzi −33 za Selsiasi huwa kiowevu angavu kisicho na rangi, mfano wa maji. Kipande cha sodiamu kikitiwa katika kiowevu hicho hakilipuki. Huanza kutoa michirizi ya buluu, kama wino unaodondoshwa katika bilauri, na baada ya muda mfupi kiowevu chote huwa buluu iliyokolea. Amonia ikivukizwa bila kuchelewa, metali hubaki chini ya chombo. Hakuna kilichoungua. Sodiamu iliingia na sodiamu imetoka.

Buluu hiyo ni ya nani? Je, ni rangi ya sodiamu? Ushahidi unakataa. Lithiamu ikitiwa katika amonia hutoa buluu ile ile. Potasiamu hali kadhalika. Hata kalisi na bariamu, ambazo ni za kundi jingine la elementi, hazitofautiani nazo. Kwa upande mwingine, chumvi ya sodiamu kama ile ya mezani ikimumunywa na amonia haitoi rangi yoyote, ilhali ioni za sodiamu zimo. Basi rangi si ya metali wala si ya ioni yake. Ni ya kitu ambacho metali hizi zote hukitoa kwa pamoja, na kitu pekee cha namna hiyo ni elektroni ya nje. Atomi ya sodiamu inapoingia katika amonia hugawanyika mafungu mawili: ioni yenye chaji chanya na elektroni yenye chaji hasi. Kila moja hushika njia yake.

3.0 Historia kwa Ufupi

Mtu wa kwanza kuiona buluu hii, kadiri maandishi yanavyoonyesha, ni Davy huyo huyo. Muda mfupi baada ya kuitenga potasiamu aliipasha moto ndani ya gesi ya amonia, akaandika katika daftari lake la maabara kuhusu rangi ya buluu aliyoiona. Hakuifuatilia wala hakuichapisha. Ilimbidi ulimwengu wa kemia ungoje hadi mwaka 1864, W. Weyl alipochapisha taarifa ya kwanza kuhusu metali kumumunyika katika amonia. Weyl alidhani kwamba metali na amonia zilikuwa zimeungana kuwa kampaundi mpya. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga. Katika mwaka huo neno elektroni lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa, na mtu hawezi kukiona kitu ambacho akili yake haijakitengea nafasi.

Mwaka 1897 mambo mawili yalitokea bila ya kujuana. Huko Uingereza, J. J. Thomson alionyesha kwamba miale iliyokuwa ikichunguzwa katika mirija ya ombwe ni chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Huko Marekani, Hamilton Cady aligundua kwamba mmumunyo wa buluu wa sodiamu katika amonia hupitisha umeme vizuri kuliko chumvi katika amonia hiyo hiyo. Aliyeyaunganisha mambo haya mawili ni Charles Kraus. Katika tafiti alizozichapisha mwaka 1907 na 1908, Kraus alipima jinsi chaji zinavyosafiri katika mmumunyo. Aliona kwamba mchukuzi wa chaji chanya ni ioni ya metali, nayo hutofautiana kutoka metali hadi metali. Mchukuzi wa chaji hasi alikuwa mmoja katika yote, tena mwepesi kuliko ioni ya kawaida. Kraus alihitimisha kwamba huyo ni elektroni, na kwamba hasafiri uchi bali amezungukwa na molekuli za amonia.

Hapa tayari tunaona tatizo la istilahi likianza kuchomoza. Kwa kuwa kila kiambishi katika Kiswahili hubeba msimamo, kusema elektroni "imetoka" katika atomi hulazimisha swali: imetoka ikaingia wapi?

4.0 Tundu Ndani ya Kiowevu

Jibu la swali hilo lilipatikana kwa njia ambayo mfanyabiashara yeyote wa maziwa wa Olenguruone angeielewa, yaani kwa kupima uzito na ujazo. Kiowevu cha amonia kina densiti ya takriban gramu 0.68 kwa kila sentimeta moja ya ujazo. Lithiamu, ambayo ni metali nyepesi kuliko zote, ina gramu 0.53. Mtu angetarajia kwamba ukivichanganya viwili hivi utapata densiti iliyo baina ya 0.53 na 0.68. Sivyo ilivyo. Mmumunyo wa lithiamu uliokolea kabisa una densiti ya takriban gramu 0.48. Ni mwepesi kuliko amonia na ni mwepesi kuliko lithiamu. Maana yake ni kwamba vitu hivi viwili vikiwa pamoja huchukua nafasi kubwa kuliko jumla ya nafasi vilizokuwa vikichukua vikiwa mbali mbali. Kuna mahali ndani ya kiowevu ambapo pamefunguka.

Mahali hapo ni makao ya elektroni. Wazo hili la tundu lilifafanuliwa na Richard Ogg mwaka 1946 na likaendelezwa na wengine baada yake. Molekuli ya amonia ina atomi moja ya nitrojeni na tatu za haidrojeni. Chaji zake hazikugawanywa kwa usawa: upande wa nitrojeni una uhasi kidogo, na upande wa haidrojeni una uchanya kidogo. Elektroni inapoingia katikati ya molekuli hizi, chaji yake hasi huzivuta haidrojeni na kuzisukuma nitrojeni. Molekuli zilizo karibu huigeuzia elektroni nyuso zao za haidrojeni na kufanya duara kuizunguka. Katikati ya duara hilo hubaki tundu lenye nusu kipenyo cha takriban nanometa 0.3, na ndani yake elektroni hukaa, si kama gololi ndani ya kikombe, bali kama wingu lililoenea katika nafasi yote iliyopewa na kuvuka ukingo wake kidogo.

Inafaa kutaja kwamba ioni ya sodiamu nayo huzungukwa vivyo hivyo, ila kinyume: molekuli zile zile huielekezea nitrojeni zao na kuipa haidrojeni kisogo. Mwenyeji ni mmoja, wageni ni wawili, na kila mgeni hupokewa kwa uso anaostahili.

Tundu hilo pia ndilo linaloeleza rangi. Elektroni iliyomo ina kiwango chake cha chini cha nishati, na ili ipande kiwango cha juu yake huhitaji kumeza mwanga wa kiasi maalumu. Katika amonia, mwanga unaomezwa zaidi una urefu wa wimbi wa takriban nanometa 1,500, ambao ni infraredi na hauonekani kwa jicho. Lakini umezaji huo hauishii hapo ghafla. Una mkia mrefu unaoingia katika mwanga unaoonekana kupitia upande wa wekundu. Wekundu ukimezwa, kinachobaki kutufikia machoni ni buluu. Jina la metali halina sauti katika jambo hili. Kinachoamua ni ukubwa wa tundu na nguvu ya mwenyeji.

Uthibitisho wa kauli hii ulikuja mwaka 1962, Edwin Hart na Jack Boag walipoipiga picha ya spektra elektroni iliyozungukwa na maji. Ilipatikana kwa kuyapiga maji kwa mnunurisho wenye nguvu, nayo iliishi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Umezaji wake mkubwa ulikuwa karibu na nanometa 720, mbali na ule wa amonia. Elektroni ni ile ile, mwenyeji ni mwingine, na tabia imebadilika.

5.0 Kulitafuta Jina

Sasa tunaweza kurudi kwa swali la pili la mwanafunzi wetu. Wasomi wa istilahi wa Tanzania walikwisha kutengeneza njia katika uwanja huu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwanafunzi wa isimu anazijua mbinu za kawaida: kutohoa, kutafsiri, kunyambua, kuunganisha, kupanua maana ya neno lililopo. Hebu tuzijaribu baadhi yake kwa kitu hiki kimoja.

Jina la kwanza linalomjia mtu mdomoni ni elektroni huru. Linavutia, maana elektroni imeachana na atomi yake. Lakini tumeona kwamba elektroni hiyo ina makao, ina kuta, na rangi yake hutokana na kuta hizo. Kuiita huru ni kuusema nusu ya ukweli, na baadaye tutaona kwamba jina hili lina mwenyewe ambaye tukimnyang'anya tutalihitaji tena.

La pili ni elektroni iliyoyeyuka. Tatizo la kwanza ni kwamba kitenzi yeyuka hutumika pia kwa barafu na siagi, ambavyo hugeuka kiowevu bila ya kuingia ndani ya kiowevu kingine. Kitenzi mumunyika ni afadhali, kwa kuwa kinatukumbusha sukari inayomumunywa mdomoni na kupotelea katika mate. Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo ni la kimofolojia. Yeyuka na mumunyika ni vitenzi vya kauli ya kutendeka. Kauli hii huonyesha hali bila ya kumtaja aliyeisababisha. Sukari imemumunyika, nani kaimumunya si hoja. Katika kitu chetu, mtendaji ndiye hoja yenyewe. Ukimwondoa mwenyeji, elektroni hii haipo.

La tatu ni elektroni iliyopakatwa. Jina hili lina ladha, na ninakiri kwamba lilinivutia sana. Mama humpakata mtoto mapajani, akamzungushia mikono, na mtoto akatulia. Lakini anayepakata ni mmoja, na mtoto aliyepakatwa ana umbo lake hata akiwekwa chini. Elektroni yetu imeshikwa na wengi kwa mara moja, na umbo la wingu lake ni zawadi ya hao walioishika. Kupakata kutafaa kama mfano wa darasani, si kama istilahi.

La nne, ambalo makala haya yanalipendekeza, ni elektroni iliyozingirwa. Sababu ni tatu.

Kwanza, zingira ni kitendo cha wengi kukizunguka kimoja kutoka pande zote, na hiyo ndiyo sura tuliyoieleza katika sehemu iliyotangulia.

Pili, zingirwa ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa humwachia mtendaji mlango wazi kupitia kiunganishi na. Imezingirwa na nini? Na amonia. Na maji. Lugha kadhaa za Ulaya zililazimika kubuni jina jingine pale mwenyeji alipokuwa maji. Kiswahili hakihitaji jina la pili. Kinabadilisha nomino inayofuata na, na sarufi inafanya kazi iliyobaki. Kwa kunyambua tunapata pia mzingiro, kwa maana ya duara la molekuli zilizoizunguka chembe.

Tatu, mzizi huu tayari ni mzazi wa neno ambalo halihitaji kufafanuliwa Olenguruone wala popote kandokando ya Mau: mazingira. Watu wa eneo hilo wameishi miaka mingi na mjadala wa msitu, mvua na mito, na wanaelewa kwamba mazingira si pambo lililowekwa nyuma ya maisha. Ukiyabadilisha, maisha yenyewe hubadilika. Mwanafunzi anayelijua hilo amekwisha kujua jambo kubwa kuliko yote kuhusu elektroni hii, nalo ni kwamba rangi yake, ukubwa wake na umri wake hutokana na kilichoizunguka.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Jeshi nalo huzingira mji, na mji uliozingirwa hauna pa kutokea. Je, istilahi hii haitaleta picha ya kifungo? Jawabu ni kwamba mzingiro wa amonia si ukuta wa mawe. Molekuli huingia na kutoka katika duara bila kukoma, na elektroni husafiri, tundu moja likifunga nyuma yake na jingine likifunguka mbele. Mwalimu atakayelitumia neno hili ana wajibu wa kuliongezea maelezo hayo. Hakuna istilahi inayojieleza yenyewe hadi mwisho.

6.0 Mmumunyo Unapokolea

Hadi hapa tumezungumzia mmumunyo mwepesi, ambao elektroni zake ziko mbali mbali. Tukiendelea kuongeza sodiamu, hadithi inageuka, na istilahi yetu inapimwa.

Badiliko la kwanza halionekani kwa macho. Kila elektroni ni sumaku ndogo. Katika mmumunyo mwepesi sana, sumaku hizo hupimika moja moja. Kadiri metali inavyozidi, usumaku wa kila elektroni hupungua, kwa sababu elektroni huanza kukaa mbili mbili, moja ikiufuta usumaku wa mwenziwe.

Badiliko la pili linaonekana hata kwa mtoto. Metali inapofikia takriban sehemu chache katika kila mia ya chembe zilizomo, buluu hutoweka na mmumunyo huanza kung'aa kwa rangi ya shaba iliyosuguliwa. Matundu yamekuwa mengi mno hata yanapakana na kuingiliana. Elektroni haina tena sababu ya kukaa katika tundu moja, nayo huanza kutembea katika kiowevu chote kama zitembeavyo elektroni za metali. Umeme hupita kwa wingi wa kushangaza: mmumunyo wa lithiamu uliokolea kabisa huupitisha vizuri kuliko zebaki. Kioo cha maabara kina ndani yake metali iliyo kiowevu, ingawa sehemu kubwa ya ujazo wake ni amonia.

Katika halijoto ya chini ya nyuzi −42 za Selsiasi, mmumunyo wa sodiamu wa kiwango cha kati hufanya jambo la ajabu zaidi. Hujigawa wenyewe matabaka mawili, la rangi ya shaba likielea juu ya la buluu kama mafuta juu ya maji. Kraus aliliripoti jambo hili mwaka 1907. Hapo hali mbili za elektroni, iliyozingirwa na isiyozingirwa, hukaa katika chombo kimoja zikiwa na mpaka unaoonekana baina yake.

Je, safari ya kutoka buluu hadi shaba ni ya mruko mmoja au ya hatua kwa hatua? Mwaka 2020, watafiti waliomjumuisha Pavel Jungwirth wa Prague walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio waliyoyafanya Berlin. Waliurusha mmumunyo ndani ya ombwe kama uzi mwembamba, wakaupiga kwa miale ya eksirei, na kuzipima elektroni zilizong'oka. Waliona dalili za metali zikiota polepole kadiri mmumunyo ulivyokolea, bila ya mruko wa ghafla. Mwaka uliofuata kundi hilo lilitumia mbinu ya ustadi kuyafanya maji nayo yawe metali: tone la mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu lilivalishwa utando mwembamba sana wa maji ndani ya ombwe, na kwa sekunde chache utando ule ukang'aa kama dhahabu.

Hapa ndipo mwenye jina la elektroni huru anapojitokeza kulidai. Katika mmumunyo wa shaba, elektroni haina tena mzingiro wake binafsi, na kuiita iliyozingirwa kungekuwa kosa. Laiti tungekuwa tumelitumia jina la huru tangu mwanzo, tungebaki bila ya neno la kuitofautisha buluu na shaba. Istilahi nzuri huijua mipaka yake na huiachia jirani yake shamba.

7.0 Mgeni na Jembe

Waswahili husema, mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Elektroni iliyozingirwa na amonia ni mgeni wa namna hiyo. Mmumunyo ulio safi na baridi unaweza kudumu siku kadhaa bila ya kuharibika, lakini haudumu milele. Hatimaye elektroni huishambulia amonia yenyewe: sodiamu na amonia hufanya sodiamu amidi, gesi ya haidrojeni hutoka, na buluu hufifia. Kutu au chuma kidogo kikiingia chomboni, jambo hili huharakishwa sana.

Wanakemia walijifunza kumpa mgeni jembe kabla hajaharibu nyumba. Elektroni iliyozingirwa ni tayari kumwingia yeyote anayeipokea, na kwa hiyo ni chombo chenye nguvu cha kuipunguza oksidi na kuzigeuza molekuli za kaboni. Mwaka 1944, Arthur Birch, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi Oxford, alionyesha jinsi mmumunyo huu, ukiongezewa alkoholi, unavyoweza kuifungua nusu ya uimara wa pete ya benzini, muundo ambao si rahisi kuutikisa. Miaka michache baadaye mbinu hiyo ilitumika katika utengenezaji wa homoni. Norethisteroni, ambayo ilitengenezwa nchini Meksiko mwaka 1951 katika maabara aliyoiongoza Carl Djerassi, ilifikiwa kwa njia iliyopitia hatua ya Birch. Dawa hiyo imo katika baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Kwa hiyo buluu iliyoonekana katika daftari la Davy ina uhusiano na rafu ya zahanati, ingawa uhusiano huo umepitia mikono mingi.

8.0 Hitimisho

Kuna watakaouliza faida ya haya yote, ilhali Kemia katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Swali hilo ni la haki. Hatudai kwamba istilahi moja itaibadilisha mitaala. Tunachodai ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba mwanafunzi yule wa Olenguruone hakuniuliza kwa ajili ya mtihani. Alikuwa ameelewa jambo kwa lugha moja, akataka kujua kama anaweza kulipeleka nyumbani kwa lugha nyingine. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lugha rasmi inayonyamaza kila inapofikishwa mlangoni mwa maabara ni rasmi kwa nusu tu.

Kunyamaza huko si kwa sababu ya uhaba wa maneno. Tumeona kwamba mzizi tuliouhitaji ulikuwemo katika neno la kila siku, na kwamba kauli ya kutendwa, ambayo tunaifundisha kila muhula kwa mifano ya ugali ulioliwa na barua iliyoandikwa, ilikuwa na uwezo wa kutenganisha dhana ambazo lugha nyingine huzitenganisha kwa majina mapya. Uhaba uko kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao aghalabu huiogopa kemia, na kwa wanakemia wetu, ambao aghalabu hudhani kwamba ngeli na minyambuliko ni mambo ya washairi. Pande hizi mbili zikikaa meza moja, kazi itafanyika.

Mazoezi yangu ya kufundisha yalikwisha kabla sijalipata jibu. Basi na lisomwe hapa. Kitu ulichoniuliza ni elektroni iliyoachana na atomi yake, ikapokewa na molekuli za amonia zilizoigeuzia nyuso zao za haidrojeni, ikapata tundu la kukaa na rangi ya kuonekana. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa elektroni iliyozingirwa. Ukimpata mwenzako mwenye neno bora kuliko hili, mwulize kwanza kama ameitazama ile buluu vizuri.